Dative Inamahoro: Maneno Makavu Kabla ya Wimbo

Ndugu, jamaa, majirani wa Carama na wa Buyenzi, na ninyi ambao sijui mmefika na nani, karibuni. Mtakuwa mmeona kwamba kwaya imesimama upande wa kushoto wa kaburi na haijaimba hata ubeti mmoja tangu mwili utoke nyumbani. Hawajasahau nyimbo. Marehemu aliacha neno, akiwa na akili zake zote, kwamba asiimbiwe mpaka maisha yake yawe yamesemwa bila kuimbwa, na mpaka wimbo wenyewe uwe umekaushwa. Waliopita mikononi mwake wanajua kukausha ni nini, na wengine wataelewa nikifika huko. Mtakuwa mmeona pia kwamba kwenye mstari wa nyuma wa kwaya yupo kijana mmoja ambaye wengi hamkutegemea kumwona hapa. Msinitazame mimi. Habari yake nayo imo humu.

Mimi ni Spès, dada mdogo wa mumewe, yaani wifi yake. Familia imenichagua nisome, nafikiri kwa sababu sina sauti nzuri. Tena siamini watu upesi, na hilo marehemu alilipenda kwangu kuliko mambo mengine yote. Wasifu mwingi niliousikia kwenye makaburi haya ya Mpanda ni wimbo mtupu: kila marehemu alikuwa mpole, alipenda watu wote, na hakuna aliyewahi kugombana naye. Nikisikia hivyo huwa najiuliza waliogombana naye wamekwenda wapi. Dative aligombana na watu, na baadhi yao wameleta maua leo.

Dative Inamahoro alizaliwa tarehe 6 Mei 1952 huko Rumonge, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Sabas, muuza mawese, na marehemu Mama Kandida. Najua wapo wanaosikiliza mahali pa kuzaliwa na jina la baba ili wapime alikuwa mtu wa upande gani. Pumzisheni pua zenu. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993 wapimaji wamempima sana, na kila upande ulimhesabu kuwa wa upande wa pili.

Mwaka 1959 Mzee Sabas alihamishia biashara na familia yake mjini, Buyenzi, wakapanga uani kwa kina Mwanne. Nyumba ile ilikuwa ya Waislamu, yao ilikuwa ya Wakristo, na moto wa kupikia ulikuwa mmoja. Mwanne na Dative walikua pamoja. Siku moja, Dative akiwa na miaka minane, palikuwa na arusi, na wanawake walijifungia ndani wakimwimbia bibi arusi zile nyimbo zisizotoka nje ya mlango. Dative alisikia kupitia dirishani. Kesho yake alipita barabara nzima akipiga kopo na kuimba wimbo ule kwa nguvu zake zote, na wanaume waliokaa barazani wakainamisha nyuso. Mama Kandida alimvuta ndani akamuuliza kama anajua anachoimba.

"Sijue, mama," akajibu. "Ngoma iko tamu."

Alichapwa. Mwanne alikuwa nyuma yake akiitikia, naye akachapwa na mama yake. Mwanne yuko hapa mbele, na ukimuuliza atasema hakumbuki fimbo ile. Mimi nadhani anaikumbuka vizuri. Lakini neno lile, ngoma iko tamu, Dative alilibeba maisha yake yote, na kila alipolisema baadaye alikuwa anaonya.

Alisoma shule ya msingi kwa masista, akaendelea na ualimu, na akapata diploma mwezi wa Julai 1971. Septemba mwaka huohuo alianza kufundisha darasa la tatu huko Kinama. Watoto wake waliimba jedwali la kuzidisha kwa Kifaransa, mabega yakiyumba, hata wapita njia walisimama kusikiliza. Siku moja alimwita yule aliyeimba vizuri kuliko wote akamuuliza saba mara nane, bila wimbo. Mtoto akaanza kuyumbisha mabega, akaimba tangu saba mara moja mpaka akafikia jibu. Darasa zima lilicheka, na mwalimu akacheka nao. Ila jioni hakucheka tena. Alisema watoto wale hawajui hesabu, wanajua ngoma. Na mtu akiingia akabadilisha jibu ndani ya ngoma ileile, wataliimba jibu la uongo mpaka uzeeni na watamshangaa anayelikataa.

Sasa ndoa. Kaka yangu Bonfils, fundi wa redio, alimpenda Dative mwaka 1976 akaenda kwao na gitaa. Alikuwa ametunga wimbo mrefu wenye nyota, maji ya ziwa na sijui kasri gani. Aliimba vizuri, sitakataa, ingawa ni kaka yangu. Alipomaliza, Dative alimwomba aweke gitaa chini na aseme yale yale kwa mdomo tu. Bonfils alianza na nyota, akaona haya, akaruka ziwa, akaliacha kasri. Mwisho alibaki na maneno haya:

"Mi nakupenda. Nyumba sina."

Dative akakubali. Walifunga ndoa tarehe 23 Julai 1977, wakajaliwa watoto wawili, Adrien na Danielle. Nami, kama desturi ya mawifi, nilimchunguza tangu siku ya kwanza, kwa sababu kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilitafuta kamba ile miaka mingi. Nilichopata ni mwanamke aliyenichunguza kuliko nilivyomchunguza mimi, na tukapatana kwa njia hiyo.

Walijenga Carama, pembeni mwa mashamba, na mwaka 1984 Dative akakabidhiwa kwaya ya kanisa dogo la pale. Hapo ndipo kukausha kulipoanza. Alikuwa mtoto wa Rumonge, na kwa watu wa ziwani ndagala, yaani dagaa, wakiwa wabichi hung'aa wote, lakini uwaanike juani ndipo ujue ulinunua samaki au ulinunua maji. Akasema wimbo nao uanikwe. Kila wimbo mpya ulipoletwa, hakuna aliyeruhusiwa kuuimba wala kuupigia makofi mpaka kila mwanakwaya asimame, aseme maneno yake kama mtu anayeagiza sabuni dukani, na amtazame jirani yake usoni anapoyasema. Nyimbo nyingi zilikauka vizuri. Nyingine ziliisha zote juani.

Zénon, sauti yetu ya chini, alibisha. Alisema wimbo wa kweli unajulikana, unaliza watu. Dative hakubishana naye. Alifumba macho akaanza kuimba polepole, kwa ile sauti ya matanga inayotetemeka mwishoni mwa kila mstari, akivuta silabi mpaka neno moja likajaza kanisa. Wanawake wawili waliinama. Zénon akafuta macho. Wimbo ulipokwisha, Dative alimuuliza kilichomgusa ni nini, naye akasema ni ile habari ya mama aliyeachwa peke yake.

"Papa Zénon," Dative akamwambia, "nimeimba vyenye nilikula jana. Ndagala, bitunguu na bugali."

Tangu siku ile Zénon anaitwa Papa Ndagala, na yeye mwenyewe anatikisa kichwa sasa hivi pale nyuma. Hivyo ndivyo kwaya ilivyojifunza kwamba sauti inayotetemeka hufungua machozi hata pasipo na msiba, na makofi ya haraka hufungua miguu hata kama mbele kuna shimo. Msidhani kwamba alichukia ngoma. Kwenye arusi ya Danielle alicheza mpaka akavua viatu. Alichokataa ni mwili kutangulia na akili kuja nyuma ikiulizia njia.

Sasa nimefika kwenye mwaka 1995. Vita vilikuwa vimeingia katika mwaka wa pili, na mji huu ulikuwa umejifunza kusikiliza kwa masikio ya mwizi. Tulijua nani anapita kwa kikohozi chake. Kwaya ya Dative ilikuwa bado na watu wa kila namna, jambo ambalo wengi hawakulipenda. Mwanzoni mwa mwaka ule akaja kijana kutoka Kinanira, jina lake Loïc. Ndiye yule wa mstari wa nyuma. Sauti yake mtaisikia au hamtaisikia, itategemea. Siku ile alipoingia kanisani na kuimba mstari mmoja tu, wasichana waligeuza shingo na wazee wakanyoosha migongo. Mimi nilimshuku papo hapo. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, sembuse yakiwa na sauti kama ile.

Loïc alileta wimbo. Ulikuwa na makofi mawili ya haraka, kimya, halafu kofi moja. Ulaghai ulikuwa kwenye kile kimya: mwili unabaki ukingoja, na kofi likija unashukuru kabla hujajua unashukuru nini. Aliuimba mara moja, na watu tayari walikuwa wanaurudia kwa vinywa vilivyofungwa. Walitaka waukaushe siku nyingine, maana Jumapili palikuwa na maandamano ya kanisa barabarani. Dative akasema ngoma iko tamu, kwa hiyo ukaushwe sasa hivi.

Wakasimama mmoja mmoja. Maneno yalikuwa machache: leo tunafagia, kiwanja kiwe safi, takataka ivuke mto, isirudi tena. Wa kwanza alisema, wa pili akasema, na kadiri yalivyosemwa ndivyo sauti zilivyopungua. Zamu ikamfikia Joëlla, msichana wa alto, ambaye familia yake ilikuwa imeanza kuambiwa na watu kwamba Carama si kwao. Joëlla alimtazama jirani yake usoni, kama sheria ilivyotaka. Alisema mstari wa kwanza na wa pili. Kwenye wa tatu akasimama.

"Takataka ni nani?" akauliza.

Waliokuwa wanaurudia kwa vinywa vilivyofungwa walitazama sakafu. Loïc akacheka kidogo, akasema asiogope, ni rythme tu, mdundo, dhambi ndiyo tunafagia.

"Dhambi haina miguu ya kuvuka muto, mwanangu," Dative akamwambia. "Hii hatuimbi. Apana."

Kwaya ikapasuka jioni ileile. Nusu iliondoka na Loïc, na si nusu mbaya. Iliondoka na sauti zake bora. Wakasema Dative anazima Roho. Wakasema ana upande wake, ndiyo maana wimbo umemchoma. Hata mimi nilimuuliza nyumbani kama hakuzidisha, na sijutii kumuuliza, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha kumuuliza kila mtu. Alinijibu kwamba huenda amezidisha. Akaongeza kwamba anaona heri azidishe kwenye wimbo kuliko apunguze.

Mwezi wa tano, mchana, tulisikia filimbi na makopo yakitoka upande wa barabara kubwa. Tulifunga mlango, sisi watatu, Dative, Bonfils na mimi, tukachungulia dirishani. Vijana walikuwa wengi, walibeba fimbo na vitu vingine ambavyo sikutaka kuviangalia, na walikuwa wanaimba. Makofi mawili, kimya, kofi moja. Leo tunafagia. Waliimba vizuri mno, na hilo ndilo siwezi kulisamehe. Mbele ya sauti zote ilikuwepo moja iliyopanda juu, na mimi na Dative tulitazamana, lakini hakuna aliyetaja jina. Kisha nikaona goti la Bonfils. Kaka yangu, mtu asiyeweza kuchinja kuku, alikuwa amekaa nyuma ya mlango amejikunyata kwa hofu, na goti lake lilikuwa linafuata makofi. Mawili, kimya, moja. Dative alinyoosha mkono akaliwekea kiganja juu, akalikandamiza mpaka likatulia. Bonfils akalitazama lile goti kama si lake.

Walikwenda moja kwa moja nyumbani kwa kina Joëlla wakaichoma nyumba. Ndani hapakuwa na mtu. Siku chache baada ya mazoezi yale Joëlla na wazazi wake walikuwa wamefunga vitu vyao wakahama, kwa sababu maneno yale walikuwa wameyasikia makavu. Kama wangekuwa wameyaimba kanisani kwa makofi, siku ile wangetoka mlangoni kusikiliza, wakidhani ni kwaya yao inapita.

Kama Loïc aliutoa wimbo kwa vijana wale, au vijana wale walimpa yeye, au kama alijua alichobeba, sikujua. Watu walisema mengi. Mimi niliwashuku wote, pamoja na wasemaji.

Carama ilipokuwa haikaliki, Dative na Bonfils walikimbilia Buyenzi, uani kwa Mwanne, kwenye moto uleule wa kupikia. Kwaya ikakusanyika pale, waliobaki na waliopatikana, Joëlla akiwemo. Mwanne aliweka sharti moja: adhana ikianza, kila mtu kimya. Hata yeye alikuwa akikaa pembeni anachambua mchele na kusikiliza nyimbo zikikaushwa, na zikiwa na neno lisilosimama vizuri alikohoa. Dative alimwita inspecteur, mkaguzi wetu. Waliishi pale mpaka mwaka 2001, waliporudi Carama kujenga upya.

Mwishoni mwa mwaka 2003 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Alitibiwa hospitalini kwa miezi mingi, na namshukuru daktari aliyemhudumia, ingawa mwanzo sikumpenda. Alikuwa na sauti laini, ile ya kushuka mwishoni, na kila alipopita alisema tutaona, mama, tutaona, Mungu ni mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupata usingizi kwa sauti ile. Dative alimshika mkono.

"Docteur," alimwambia, "sema bila kuimba."

Yule daktari alivua miwani. Akasema figo zimechoka, na kwamba hapa hatuna mashine ya kuzisaidia. Dative akamwambia merci, sasa amesikia. Akaomba arudishwe nyumbani. Nililia njiani kote, na yeye ndiye aliyekuwa ananituliza.

Alifariki Carama, kitandani kwake, asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Novemba 2004, akiwa na miaka hamsini na miwili. Bonfils alikuwa ameshika gitaa, akamuuliza amwimbie nini. Marehemu alitikisa kichwa. Akataka asemewe. Kaka yangu aliweka gitaa chini kama alivyoliweka mwaka ule, akatafuta maneno, akapata haya:

"Mi nakupenda. Nyumba iko."

Alitabasamu, akafumba macho, na hakuamka tena. Wifi yangu, nimekukosa. Nalisema hivyohivyo lilivyo.

Juzi Alhamisi, kwenye kilio, mlango ulifunguliwa akaingia Loïc. Hatukuwa tumemwona kwa miaka tisa. Amekonda, na nywele zimeanza kumtoka. Alisema ameleta wimbo wa kumzika Mama Dative na anaomba auimbe. Nikamwambia anajua sheria ya nyumba. Joëlla alikuwa amekaa karibu na moto, na mimi nilimweka Loïc amtazame yeye. Akasimama, mikono mfukoni ili isipige kitu, akasema:

"Mama, we ulisikia maneno, mi nilisikia makofi. Nyumba ya Joëlla iliungua, na sauti ya mbele ilikuwa yangu."

Wimbo wote ni huo. Joëlla hakulia. Alimwambia arudie, naye akarudia, bila kutetemesha chochote mwishoni. Joëlla alisukuma kuni ndani ya moto. Sisi wengine tulimtazama yeye, maana kama angesema apana, leo tungemfukia Dative kimyakimya, na hakuna ambaye angeweza kumlaumu.

"Imekauka," akasema. "Mi nitaimba alto."

Mimi sijasema kwamba namwamini kijana huyu. Macho yangu bado yako kwake, na yatakuwa kwake hata wimbo ukiisha. Ninachosema ni kwamba maneno yake yalisimama bila ngoma, na marehemu hakuwahi kudai zaidi ya hapo.

Marehemu ameacha mume, Bonfils. Watoto wawili, Adrien na Danielle. Mkwe mmoja na mjukuu mmoja, Yasmina, aliyeitwa hivyo kwa heshima ya mama mzazi wa Mwanne. Wifi mmoja mbishi. Dada wa moto mmoja, Mwanne. Wanafunzi wengi wanaojua saba mara nane bila kuyumba. Na kwaya moja ambayo leo, kwa mara ya kwanza tangu 1995, ina watu wa nusu zake zote mbili.

Maisha yake mmeyasikia makavu. Aliyeona uongo ndani yake akohoe sasa, kama Mwanne.

Naona hakuna aliyekohoa. Basi, Dative: wazazi wako walikuita Inamahoro, mama wa amani, na miaka kumi na mmoja jina hilo halikupata pa kukaa katika mji huu. Laza kichwa ndani yake sasa.

Kwaya, maneno tumeshayasikia. Pigeni makofi.